Ni Mtu Mzuri, Ila…

Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, na wikiendi huja kwangu Tabata kufua na kula chakula cha nyumbani. Jumapili moja aliacha desa lake, yaani notsi za kudurufu, juu ya meza, kopi ya kopi ya kopi, maandishi ya pembeni yamefifia mpaka hayasomeki. Ulikuwa uchambuzi wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Kwenye sehemu ya wahusika paliandikwa hivi: "Rosa. Ni mhusika mkuu. Amesoma. Ni malaya. Hafai kuigwa na jamii."

Basi, kwisha. Msichana niliyemlilia nikiwa na umri wa huyu binti, nikisoma kwa mshumaa kwa sababu umeme ulikuwa wa mgawo, amepewa mstari mmoja na hukumu.

Aliyepita sekondari hapa nchini anaijua sentensi ile ya mwisho. Anafaa kuigwa, hafai kuigwa. Tuliiandika kwenye mitihani mpaka mkono ukawa unaiandika wenyewe. Sina ugomvi na walimu, maana mtihani unataka kitu cha kusahihisha na hukumu ni rahisi kusahihisha. Shida ni kwamba tulitoka shuleni na mizani ileile mkononi, na mpaka leo tunapimia kila kitabu. Nikisimulia saluni riwaya niliyoipenda, kwamba mhusika wake anadanganya, anakopa halipi, anamtesa mkewe, msusi hunitazama kwenye kioo na kuuliza: "Sasa hapo umependa nini, dada?"

Swali ni la haki: mtu anampendeaje mhusika mwenye kasoro? Ngoja nilijibu taratibu, kwa sababu ndani yake yamefungwa mambo matatu manne yasiyofanana.

Tuanze na maneno. Mhusika ni yeyote anayetenda au kutendwa ndani ya hadithi, awe mtu, mnyama au jini. Mhusika mkuu ni yule ambaye ukimtoa, hadithi inaanguka. Katika maana hiyo hakuna mahali panaposema lazima awe mwema. Wema tuliuongeza wenyewe, na nadhani tuliuokota kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu mtaani, tulikojifunza neno steringi. Steringi ni mtu wetu. Anapiga, hapigwi sana, na hafi. Ukifungua riwaya ukiwa unamtafuta steringi, ukamkuta mlevi mwenye madeni, utadhani umepewa kitabu cha adui yake.

Neno shujaa nalo limeongeza vumbi. Riwaya ya Mnaijeria Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, haina jina la mhusika kwenye jalada lake la Kiingereza. Inasema tu kwamba mambo yanasambaratika. Ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1973 ikaitwa Shujaa Okonkwo. Kwa hiyo sisi tunaambiwa kabla ya ukurasa wa kwanza kuwa huyu ni shujaa, halafu tunaingia ndani na kumkuta akimpiga mkewe katika juma ambalo mila ya kwao imekataza hata kutoleana maneno makali. Nitarudi kwa Okonkwo.

Jozi nyingine ya maneno ni bapa na duara. Mgawanyo huu aliueleza mwandishi Mwingereza, E. M. Forster, mwaka 1927, na wataalamu wetu wakautafsiri vizuri. Mhusika bapa ni kama chapati: ukiuona upande mmoja umeuona na wa pili. Mhusika duara ni kama chungwa. Ulishike vyovyote, kuna upande unakutazama na upande umejificha kiganjani. Kipimo cha Forster hakihitaji digrii. Je, mtu huyu anaweza kukushangaza, nawe ukamwamini? Asipokushangaza kamwe, ni bapa. Akikushangaza ukasema "hapa mwandishi kanipiga changa la macho", huyo ni bapa aliyejifutua.

Bapa si tusi, kwanza niliseme hilo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Ukishasikia majina hayo huulizi nani atamfanyia nani ubaya, na mwandishi hakutaka uulize. Alitaka akili yako iwe kwenye jambo jingine. Fisi wa ngano naye ni mlafi tangu kuumbwa. Fisi akishiba akasema asante, bibi amepoteza hadithi. Hawa ni kama vibao vya vituo: kazi yao ni kukwambia ulipo, gari liendelee.

Sasa tufike kwenye kasoro yenyewe, na hapa Kiswahili chetu kina utajiri ambao naona tunaukanyaga kila siku bila kuuokota. Tuna maneno matatu tunayoyatumia kana kwamba ni mamoja: doa, kasoro, ila.

Doa linakaa juu. Limeongezeka kwenye kitu, na ukipata sabuni nzuri linatoka. Kasoro ni kinyume chake. Ni kitu kilichopungua. Ndiyo maana tunaitumia kwenye saa: saa mbili kasorobo, yaani robo haijatimia. Halafu kuna ila, ambayo naipenda kuliko zote, kwa sababu ni jina na ni kiungo kwa wakati mmoja. Kama jina, ila ni dosari, na wahenga wakasema kizuri hakikosi ila. Kama kiungo, ni pale sentensi inapogeuza uso: "Ni mtu mzuri, ila…" Hebu sikiliza watu wakimzungumza jirani barazani. Atasifiwa roho yake, atasifiwa anavyojitoa kwenye misiba, halafu inakuja ila, na wote wanasogeza viti karibu.

Riwaya ya mhusika mwenye kasoro inakaa hapo hapo kwenye ila, kurasa mia mbili mia tatu, bila kuruhusu sentensi iishe haraka.

Waandishi wengi wachanga, na nimesoma miswada yao kadhaa kwa sababu marafiki hawaogopi kunitumia, wanafikiri kasoro ni doa. Wanamchukua mtu safi wanampaka kidogo: anavuta sigara, ana kovu, anakunywa konyagi peke yake usiku akitazama mvua. Nilimweleza binti jambo hili jikoni, akiwa anachambua mchicha, nikaona maneno hayamwingii. Nikamtungia mtu.

Anaitwa Side, ni konda wa gari la Mbagala, na ni mwizi wa chenji. Mpaka hapo ni chapati. Unamjua, umekutana naye leo asubuhi.

Sasa tumtie madoa. Kijiti mdomoni. Jezi ya Simba iliyochanika kwapani. Ameongezeka? Hajaongezeka. Ni konda mwizi yuleyule, sasa ana kijiti.

Tumtafutie kasoro. Kitu gani kimepungua kwa Side? Tuseme hawezi kuvumilia kuonekana zoba. Kwake dunia ina watu wa aina mbili, wanaopiga na wanaopigwa, na ameapa hatakuwa kwenye kundi la pili. Angalia hofu hiyo inavyofanya kazi. Ndiyo inayomfanya aibe kabla hajaibiwa. Lakini ndiyo pia inayomfanya awe konda bora kuliko wote wa njia ile. Gari limejaa mpaka mlangoni, yeye anakumbuka nani amelipa na nani anajifanya kusinzia. Hesabu ya tajiri haijawahi kupungua mikononi mwake. Dereva akipata udhuru, deiwaka anayekuja huomba apangwe na Side. Ubaya wake na umahiri wake vinachota maji kisima kimoja; ukikifukia kisima, umempoteza na konda.

Halafu tumpe siku. Asubuhi moja mama muuza samaki anapanda kutokea Feri na beseni lake. Beseni linalipiwa, wanabishana, mwisho mama anatoa elfu kumi na kusema kwa sauti ya gari zima: "Na chenji yangu usiile, makonda nyie wezi." Side anapokea. Kidole gumba kinamwambia kitu. Noti ni mbili, zimegandana kwa maji ya samaki.

Hapo binti akaacha mchicha.

Afanye nini? Akirudisha, anamrudishia mtu aliyemwita mwizi mbele za watu, na huo ni uzoba wenye mashahidi. Asiporudisha, mama alisema kweli. Side anahesabu chenji ya elfu kumi moja, noti kwa noti, kwa sauti, hata shilingi mia haipungui. Mzee wa siti ya mbele anatikisa kichwa kwa kuridhika: makonda waaminifu bado wapo. Side anamshukuru mzee. Mama anashukia Mtoni. Gari linaondoka, na Side, akiwa ananing'inia mlangoni, anamwona ametua beseni chini, amefungua pindo la khanga, anahesabu. Anahesabu tena.

Niliishia hapo, mchicha ulikuwa unasubiriwa.

Sasa rudi kwa msusi na swali lake. Je, katika habari hii nimemsifu Side? Hata mara moja. Amezidi kuwa mwizi, maana mwanzoni alikuwa anaiba mia mia na sasa ameiba mtaji wa mtu. Lakini umemwelewa, na kuelewa kumekufanya usiweze kumtupa. Watu wanachanganya vitu viwili hivi, kumwelewa mtu na kumtetea. Mjumbe wa nyumba kumi akikaa kusuluhisha mke na mume, anamsikiliza mume mpaka mwisho, hata anaitikia "ehee". Hakuna anayesema mjumbe anaunga mkono kipigo. Bila ile "ehee" mume atafunga mdomo, na kesi itaamuliwa kwa uvumi wa mtaa. Riwaya inakuweka kwenye kiti cha mjumbe. Inachokunyima ni haki ya kuondoka kabla hujasikia.

Na wale wanaosema vitabu vya watu wabaya vinafundisha ubaya, nawauliza tu: mlilelewa na hadithi za nani? Sungura ni tapeli. Anaiba karanga, anamsingizia Fisi, anamwacha mwenzake achapwe na yeye anacheka kichakani. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha na kisufuria kidogo akisema sufuria imezaa. Mwenyewe akapokea kwa furaha. Akaazima tena, safari hii akaja na habari kwamba sufuria imefariki. Tulicheka mpaka tukagaragara mkekani, na hakuna mjomba aliyesimama kumshitaki bibi kwa kuharibu maadili. Mtoto wa miaka sita alijua kucheka na Abunuwasi ni jambo moja, kuiba sufuria ya jirani ni jambo jingine. Sijui tukikua huwa tunasahau wapi.

Hata hivyo hofu hiyo si ya kijinga kabisa. Viko vitabu vinavyopamba ubaya, na nilivimeza vingi nikiwa sekondari: mpelelezi hodari, mwanamke mpya kila sura mbili, na wanawake hao hawana hata jina la baba, wanaingia wazuri wanatoka maiti. Nimejifunza njia moja ya kuwatofautisha. Ninamwacha mwenye kasoro, ninamtazama anayeumizwa naye. Je, huyo ni mtu? Ana sauti, ana kazi, kuna kitu chake kimepotea ambacho mimi msomaji nimekiona kwa macho? Kama yule mama wa Feri angekuwa "abiria mmoja" tu, wizi wa Side ungekuwa ujanja, tungecheka. Kilichotuzuia kucheka ni lile pindo la khanga.

Okonkwo ni mfano mzito zaidi. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi, mvivu, mwenye madeni kila nyumba. Okonkwo anaishi ili asiwe Unoka. Hofu hiyo inajaza ghala lake viazi vikuu, inamtoa katika umaskini, inampa heshima kijijini. Nyumbani kwake amewekwa kijana wa kijiji kingine, Ikemefuna, na Achebe hana haraka. Anamwacha kijana akae miaka mitatu, azoeane na watoto, amwite Okonkwo baba. Kisha inaamuliwa auawe. Mzee mwenye busara anakuja kumwambia Okonkwo waziwazi: kijana huyu anakuita baba, usiwe na mkono katika kifo chake. Okonkwo anakwenda. Panga la kwanza, la mtu mwingine, linapompata, Ikemefuna anakimbilia kwa baba. Na Okonkwo anammaliza, kwa kuwa aliogopa kuonekana dhaifu.

Nimekisoma kipande hicho pengine mara tano na kila mara natumaini atakataa. Mkono ulioinua panga ni uleule uliolima viazi. Usingeweza kumpa Okonkwo ile bidii ukamnyang'anya lile panga, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mkatili tu ningefunga kitabu nikalala.

Kuna mtindo siku hizi, kwenye tamthilia za jioni hasa, wa kumpa kila mwovu utoto mgumu, kama vile risiti. Aliteswa na mama wa kambo, basi. Mimi mtindo huu unanichosha. Achebe anatueleza habari za Unoka mapema kabisa, halafu hamtumii hata mara moja kama wakili wa mwanawe. Chanzo cha kasoro hakifuti deni la kasoro. Na wako watu wenye kasoro waliolelewa vizuri kabisa. Mtaani kwangu nawajua wanne.

Haya mengine nitayapitia mbiombio. Watu hudhani mwandishi amejiandika mwenyewe, kwamba anayemchora mlevi vizuri lazima anakunywa. Fundi wa majeneza hajafa. Wengine wanadai mhusika mbaya lazima mwishoni atubu au aadhibiwe, la sivyo hadithi haina funzo. Wengi wetu tuna mjomba ambaye hakutubu, akazikwa na umati mkubwa, na bado tulijifunza kwake mengi. Jingine ni pale mwenye kasoro anapojisimulia mwenyewe, "mimi" mwanzo mpaka mwisho. Hapo msomaji asikilize kama anavyomsikiliza mdeni wake akieleza kwa nini mwezi huu imeshindikana: maneno yote yanaweza kuwa ya kweli, na bado ukaondoka unajua kitu ambacho hakukisema.

Nirudi kwa Rosa, maana yeye ndiye aliyenikalisha kuandika. Kezilahabi alimweka Ukerewe, kisiwa alichozaliwa mwenyewe, kwenye nyumba ya baba mlevi, Zakaria, ambaye anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana. Zakaria anamlinda binti yake na wanaume kama mtu anavyolinda mtungi, kwa kuufunika. Maadili Rosa amekaririshwa ya kutosha. Kilichopungua ni mazoezi ya kuchagua. Hajawahi kuachiwa akaamua hata jambo dogo akakosea, akarudi nyumbani akapokelewa. Anapofika shuleni, mbali na macho ya baba, mfuniko unatoka wote kwa mpigo. Anayoyafanya baadaye yanamuumiza yeye na wengine, na mwandishi hamfichi wala hamwombei msamaha. Anaishia kujiua. Kwa kuthubutu kuandika hivyo, kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda.

Desa limesoma yote hayo likatoka na neno moja, malaya. Ni neno ambalo wanaume wa ndani ya riwaya wenyewe wangelichagua. Yaani mchambuzi ameingia kitabuni, akakaa upande wa Zakaria, akatoka bila kujua alikaa wapi.

Nilimwambia binti hivyo. Akanijibu kwamba mtihani ni wa mwezi ujao, shangazi, na kwenye mtihani wanataka hoja zenye namba. Sikuwa na jibu. Nikamfungashia mchicha uliobaki.

Tulipokuwa tunasubiri bodaboda getini, mfuko wa nguo zake safi kifuani, akageuka: "Hivi Side alirudisha ile hela?"

Nikamwambia sijafika huko.

"Shangazi! Yaani hujui?"

"Sijui."

Alipanda bodaboda amekasirika kweli, hata mkono hakupunga. Saa nne usiku, nikiwa nimeshafunga milango, simu ikalia. Ujumbe wake, bila salamu: "Angegonga bati gari lisimame. Ila asingemwambia mtu kwa nini."